Majina ya Vijito na Vilima: Hati za Historia Yetu

Mtu akiitazama ramani ya Tanzania iliyotundikwa ukutani darasani, macho yake hukutana na majina mengi: Ruvuma, Ruaha, Rufiji, Pangani, Kilimanjaro, Usambara. Aghalabu huyasoma majina haya kana kwamba yalizaliwa pamoja na mito na milima yenyewe. Sivyo. Kila jina lililoko juu ya ramani lilifika pale kwa mkono wa mtu fulani, aliyeuliza, akajibiwa, akasikia kwa kadiri alivyoweza kusikia, na akaandika kwa kadiri alivyoweza kuandika. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi majina ya nchi yetu yalivyoandikwa na watu waliotangulia, makosa gani yaliingia, na kwa nini kazi ya kuyaandika majina ya vijito na vilima vya vijijini ni wajibu ambao sasa unatungoja sisi wenyewe.

Tuanze na mfano mmoja unaojulikana dunia nzima. Katika mwaka wa 1911 daktari mmoja Mjerumani, Wilhelm Kattwinkel, alifika kwenye korongo lililo katika nyanda za Wamasai, baina ya Ngorongoro na Serengeti. Wenyeji waliliita mahali pa oldupai, yaani mahali pa mkonge mwitu, mmea unaoota kwa wingi katika korongo lile. Mgeni alisikia sauti ya «v» pale ambapo wenyeji walitamka «p», akaandika Olduvai. Baada yake walikuja wataalamu wengine, Hans Reck katika mwaka wa 1913 na Louis Leakey katika mwaka wa 1931, nao wakalifuata jina lililokwisha kuandikwa. Mary Leakey alipofukua fuvu maarufu la Zinjanthropus katika mwezi wa Julai 1959, kosa la herufi moja lilienea katika vitabu vya shule vya mataifa yote. Miaka ya karibuni jina Oldupai limeanza kurudishwa, lakini kazi ya kurudisha ni ngumu kuliko ilivyokuwa kazi ya kukosea. Wamasai hawakusahau jina la mahali pao hata siku moja. Ila hakuna aliyewauliza mara ya pili.

Kosa la namna nyingine lilitokea pale mgeni alipouliza jina la kitu, naye akajibiwa aina ya kitu. John Speke alipoliona ziwa kubwa la kaskazini katika mwezi wa Agosti 1858, aliongeza jina la malkia wa nchi yake mbele ya neno Nyanza alilolisikia kwa wenyeji. Mwaka uliofuata David Livingstone alifika kwenye ziwa la kusini, akaliandika Nyasa. Nyanza na Nyasa ni maneno ya ukoo mmoja, na maana yake ni maji mapana, yaani ziwa. Kwa hiyo leo tunaposema «Ziwa Nyasa» tunasema «ziwa ziwa». Vivyo hivyo Ruaha limetokana na neno la Kihehe luhava, yaani mto. Anayetamka «Mto Ruaha» ametamka «mto» mara mbili, mara moja kwa Kiswahili na mara moja kwa Kihehe. Hatusemi kwamba majina haya yafutwe, maana yamekwisha kuwa mali ya watu wote. Twasema tu kwamba yanatufundisha namna yalivyoandikwa, nayo ni namna ya watu wenye haraka.

Tena, mpita njia hupenda mto uwe na jina moja tangu chemchemi hata baharini. Wenyeji hawana haja hiyo. Kwao mto ni ule wanaouvuka, wanaoteka maji ndani yake na kunywesha mifugo yao. Ndiyo maana mto mmoja huwa na majina mengi kwa kadiri ya watu wanaokaa kando yake. Mto unaoitwa leo Ruvu katika Mkoa wa Pwani uliandikwa Kingani katika ramani za wasafiri wa karne ya 19. Mto Pangani umechukua jina la mji ulio mdomoni mwake, lakini ukiupanda kuelekea Kilimanjaro utakuta wenyeji wakizitaja sehemu za juu kwa majina ya Ruvu na Kikuletwa. Mchora ramani aliyeanza safari yake pwani aliandika jina la pwani, akalivuta mpaka bara. Hivyo majina ya pwani yalipata nafasi kubwa kwenye karatasi, na majina ya bara yakabaki midomoni mwa wenyewe.

Yako pia majina yaliyotolewa na majirani. Washambaa huiita nchi yao Shambaai, lakini ramani zimeandika Usambara. Wapare hujiita Vaasu katika lugha yao, lakini milima yao imejulikana kwa jina la Upare. Kisha kila utawala ulikuja na tahajia yake. Wajerumani waliandika Kilimandscharo, Moschi na Aruscha kwa kufuata sauti za herufi zao. Waingereza walipoingia wakabadili. Mwanafunzi wa historia anayetafuta habari za kijiji kimoja katika hati za zamani hana budi kujua kwamba kijiji hicho huenda kimeandikwa kwa sura mbili au tatu, na kwamba asipojua hivyo ataziacha nusu ya hati bila kuzisoma.

Juu ya makosa hayo yote kulikuwa na majina ya ubabe. Lushoto iliitwa Wilhelmstal, Tukuyu iliitwa Neu-Langenburg, na Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, iliitwa Bismarckburg. Hans Meyer alipofika kwenye kilele cha Kibo tarehe 6 Oktoba 1889, alikiita kwa jina la mfalme wa Ujerumani. Jina hilo halikudumu. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda aliwasha mwenge na kusimamisha bendera yetu mahali pale, na tangu hapo kilele chaitwa Uhuru. Yafaa tukumbuke, hata hivyo, kwamba katika miaka yote ile Wachaga hawakuacha kuziita pande mbili za mlima wao Kibo na Mawenzi, wala hawakuacha kuwasimulia watoto jinsi Mawenzi alivyokwenda kuomba moto kwa Kibo mara kwa mara mpaka akapigwa kwa mchi, ndipo akabaki na mapengo tunayoyaona hata leo. Jina na hadithi yake hukaa pamoja. Kimoja kikipotea, cha pili hakikai sana.

Majina ya wafalme wa kigeni ni rahisi kuyaondoa, kwa sababu yanaonekana. Taabu kubwa zaidi iko kwa yale majina ambayo hayakuandikwa kabisa. Ramani kubwa ya koloni iliyochapishwa Berlin wakati wa Wajerumani ilitumia kipimo cha 1 kwa 300,000, maana yake sentimita moja ya karatasi ilikuwa sawa na kilometa tatu za nchi. Katika kilometa tatu za Uchagani au za Milima ya Uluguru mtu huweza kuvuka vijito kadhaa, kila kimoja na jina lake. Vingeandikwa wapi? Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, idara ya upimaji ambayo Uingereza iliiunda katika mwaka wa 1946 kwa ajili ya makoloni yake ilianza kutengeneza ramani za kipimo cha 1 kwa 50,000 kutokana na picha zilizopigwa kwa ndege. Ramani hizi zina mambo mengi zaidi, nazo zimetufaa sana. Lakini picha ya ndege huonyesha kijito, haisemi jina lake. Jina halina budi kufuatwa kwa miguu, kwa mtu anayeteka maji pale.

Huenda msomaji akauliza: kuna faida gani kujua jina la kijito ambacho hukauka wakati wa kiangazi? Tunajibu kwamba majina madogo yamehifadhi habari ambazo hazimo katika kitabu chochote. Tazama Wamasai wanavyoyataja maji. Engare Nairobi ni maji baridi, Engare Nanyuki ni maji mekundu, Engare Naibor ni maji meupe. Mfugaji anayehamisha ng'ombe wake huambiwa na jina lenyewe ni maji ya namna gani atakayoyakuta. Hayo si mapambo ya lugha. Hiyo ni elimu ya nchi kavu, iliyokusanywa kwa vizazi na kufungwa katika maneno mawili.

Pwani nako majina kama Mbuyuni, Mkwajuni na Mikocheni yatuambia miti iliyokuwa ikiota mahali ambapo leo pamejaa nyumba na barabara. Katika miteremko ya Kilimanjaro mifereji ya kumwagilia mashamba, ambayo Wachaga huiita mifongo, mingi hujulikana kwa jina la mtu au ukoo uliouchimba. Ukilijua jina la mfongo umejua ni nani aliyeanza kulima upande ule, na ni nani mwenye haki ya kuulizwa kwanza maji yanapogawanywa. Jina la Iringa limetokana na lilinga, yaani ngome kwa Kihehe, na ndani ya neno hilo moja mna habari za vita vya Mkwawa.

Hata taifa zima limewahi kulichukua jina la mahali padogo na kulifanya kuwa fahari yake. Lugalo ni mahali katika nchi ya Wahehe ambapo tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Mkwawa lililishinda jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Zelewski, naye Zelewski akauawa. Kambi ya jeshi iliyoko Dar es Salaam hapo zamani ilikuwa ikiitwa Colito, kwa kukumbuka mapigano ya mwaka wa 1941 huko Ethiopia, ambako askari wa Afrika Mashariki walipigana chini ya bendera ya Uingereza. Baadaye kambi hiyo ikapewa jina la Lugalo. Laiti wazee wa Uhehe wasingelihifadhi jina la mahali pale, tungelipata wapi jina la kuweka badala ya lile la wakoloni?

Sasa majina haya yamo hatarini, wala hatari yenyewe haikutoka kwa wageni peke yao. Katika mwezi wa Novemba 1973 iliamriwa kwamba wananchi wote wa vijijini wawe wamekwisha kuhamia katika vijiji kabla ya mwisho wa mwaka wa 1976. Mamilioni ya watu waliacha maskani yao yaliyotawanyika. Shule, zahanati na visima vilifuata mahali pengi, na hayo ni manufaa tusiyoweza kuyakana. Yalikuwako pia machungu, maana si wote waliohama kwa hiari. Lakini kuna hasara moja ambayo haikuhesabiwa wakati ule. Vijiji vipya vilipewa majina kama Umoja, Azimio na Mapinduzi, majina mema yanayorudiwa katika mikoa mingi. Mzee aliyehamishwa kilometa kumi kutoka bondeni kwake alikwenda na majina ya vijito vyake kichwani, lakini mjukuu aliyezaliwa kijijini hakuwahi kuviona vijito hivyo. Jina lisilo na mahali pa kuonyeshwa kwa kidole ni kama ufunguo wa nyumba iliyobomoka.

Mabwawa nayo yamefunika mabonde. Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960, limezifunika njia za Kikuletwa na Ruvu mahali zinapokutana, na Bwawa la Mtera limefunika sehemu ya bonde la Ruaha. Umeme ni lazima. Lakini aliyekaa mahali pale kabla ya maji kupanda ndiye peke yake ajuaye majina yaliyoko chini, na umri haumngoji.

Je, kazi ya kuyaokoa majina haya yaweza kufanywa na nani? Wako watakaosema ni kazi ya wataalamu. Sisi hatukubali, na tunao ushahidi. Katika mwaka wa 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, wakisaidiwa na walimu wao, Gilbert Gwassa na John Iliffe wakiwa miongoni mwa walioshughulikia utafiti huo, walikwenda vijijini katika nchi zilizopigana Vita vya Maji Maji. Waliwasikiliza wazee walioviona vita au waliosimuliwa na wazazi wao, wakaandika. Kabla ya hapo habari nyingi za vita vile zilikuwa zimetoka katika kalamu za Wajerumani. Kutokana na kazi ile na ya watafiti wenzao, mahali kama Ngarambe, alikoishi Kinjikitile Ngwale, na Nandete, ambako upinzani ulianza mwezi wa Julai 1905, pameingia katika masomo ya kila mtoto wa shule. Lau wangelichelewa miaka ishirini, wangelikuta makaburi.

Kazi ya majina ni nyepesi kuliko ile, na kila shule ya sekondari yaweza kuifanya katika kata yake. Mwalimu wa historia, wa jiografia na wa Kiswahili washirikiane. Kwanza, mwanafunzi aandike jina kama linavyotamkwa na mwenyeji, si kama anavyodhani lingepaswa kuwa. Pili, aandike ni jina la kitu gani: kilima, bonde, chemchemi, kivuko, kijito cha masika au mto usiokauka. Tatu, aandike ni lugha gani, na maana yake ni nini kwa maneno ya msimulizi. Nne, aeleze mahali penyewe kwa kutaja vitu vinavyojulikana: mwendo wa muda gani kutoka shuleni, upande gani wa barabara, kijito chatoka wapi na chaingia wapi. Tano, aandike majina mengine ya mahali pale pale, ya zamani au ya majirani, bila kuchagua lipi ni «sahihi».

Wasimulizi wasiwe wa aina moja. Desturi ya kumwendea mzee mmoja maarufu na kuridhika ni desturi ya wale wasafiri wenye haraka. Mama anayeteka maji anajua majina ya visima na vivuko ambayo mumewe hayajui. Mchungaji wa mbuzi anajua kila kibonde. Mrina asali anajua msitu. Ni vizuri watu wawili waulizwe mbalimbali, kisha maneno yao yalinganishwe. Wakitofautiana, tofauti yenyewe ni habari, nayo iandikwe.

Inafaa pia kujihadhari na maana za kubuni. Jina likisahaulika asili yake, watu hutunga maana inayopendeza masikioni. Kilimanjaro ni mfano ulio wazi: tangu Ludwig Krapf alipoandika juu yake katika mwaka wa 1860, akitaja ukuu na misafara, wataalamu wameleta maana nyingi zisizopatana, za Kiswahili, za Kichaga na za Kimasai. Mwandishi mwaminifu huziandika zote na kumtaja aliyezisema. Hachagui moja kwa sababu ni tamu.

Tahajia nayo yataka uangalifu. Kiswahili kina irabu tano, bali Kisukuma kina saba, na lugha nyingi zetu hutofautisha maneno kwa kupandisha na kushusha sauti. Herufi za Kiswahili pekee huweza kuyafanya majina mawili tofauti yaonekane kuwa moja. Pale palipo na shaka, mwanafunzi aongeze maelezo ya namna ya kutamka, na ikiwezekana sauti ya msimulizi ihifadhiwe. Leo chombo cha kunasa sauti kimo mfukoni mwa watu wengi. Wale wa mwaka 1968 hawakuwa na wepesi huo.

Zaidi ya yote, kuna adabu. Mahali pengine ni pa matambiko, na jina lake halitajwi mbele ya kila mtu. Mwenyeji akisema, «Hili sisemi», mwanafunzi ashukuru na kufunga daftari. Tukiwanyang'anya watu majina yao kwa jina la elimu, tutakuwa na tofauti gani na waliotutangulia?

Haya yote yana faida za leo pia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka wa 1999 inavitaka vijiji jirani vikubaliane juu ya mipaka yao, na mipaka ya vijijini mara nyingi hufuata vijito na vilima. Pande mbili zikikikubali kijito lakini kila upande ukikiita kwa jina lake, hati iliyoandikwa jina moja bila la pili huweza kuzaa ugomvi kwa wajukuu. Katika mwaka wa 2022 serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi, na barabara na mitaa mingi ikapata majina na nyumba zikapata namba. Imedhihirika kwamba nchi yaweza kupewa majina kwa muda mfupi watu wakikusudia. Jambo hilo laweza kutendeka kwa vijito pia, ila kwa vijito hatutoi majina mapya, tunauliza yaliyopo.

Katika mwezi wa Desemba 1962 Mwalimu Julius Nyerere alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, aliviweka pamoja vitu viwili ambavyo wengine huvitenga, urithi na vijana. Twaona alifanya vyema. Utamaduni wa taifa si ngoma na michoro peke yake. Ni pamoja na yale maneno ambayo babu zetu waliyatumia kuitambua ardhi waliyoilima. Mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya majina ya mahali, uliofanyika Geneva katika mwaka wa 1967, ulihimiza kila taifa lisimamie lenyewe uandikaji wa majina yake na kuwauliza wenyeji. Lakini azimio la Geneva haliwezi kupanda Milima ya Upare wala kuvuka kijito cha Umatumbi. Mwanafunzi aliye pale aweza, kabla ya jua kuchwa, kwa daftari moja na kalamu, almradi mzee wa kumwuliza bado yuko hai.